Chai ya Asubuhi

Sisi tuliozaliwa mashambani tulikuzwa kwa uji wa mtama au wa ulezi, uliotiwa ukwaju pale sukari ilipokosekana. Palipokuwa na kiporo cha muhogo kililiwa, wala hapakuwa na aliyeona haya.

Siku hizi jirani akituuliza asubuhi, “Mmekwisha kunywa chai?” haulizi habari ya majani, auliza kama tumekula. Kinywaji kilicholetwa na wageni kimetwaa jina la mlo mzima. Chai yenyewe walau yapandwa kwetu, tangu Wajerumani walipoipanda Amani, katika milima ya Usambara. Lakini mwenziwe mkate hutaka ngano, nayo ngano hupenda nyanda za juu zenye baridi, kama Hanang; nyingi tunayoila Tanzania hununuliwa ng’ambo.

Miaka ya mwanzo ya 1980, bidhaa zilipoadimika madukani, tulipanga foleni tangu alfajiri tukiungojea mkate. Mara nyingi tulirudi mikono mitupu, na watoto wakaenda shule na njaa, ilhali mtama umo ghalani. Hatukuukumbuka, au tuseme kweli: tuliuonea aibu. Uji tulikwisha kuufanya chakula cha wagonjwa.

Hatimaye tuliupika. Siku ya kwanza watoto waliusukuma kando. Siku ya tatu tulitia karanga zilizotwangwa, vikombe vikarudi vitupu. Jirani alipopita akatuuliza kama tumekwisha kunywa chai, nasi tukajibu kwamba tumekwisha.