Nyuma ya Hati

Jumatatu, 3 Machi 2025

Jike langu Tausi ameanza joto. Matone mawili kwenye sakafu ya veranda alfajiri, nikayafuta kabla watoto hawajaamka. Tangu Februari namngoja! Leo siku ya kwanza. Siku ya kumi hadi ya kumi na nne apandishwe, kisha siku 63. Katikati ya Mei vijibwa viko ndani ya boksi. Wiki nane na mama yao, chanjo, Julai wanaondoka. Karo ya muhula wa tatu hiyo hapo.

Wanne wameshatoa arbuni, elfu kumi kila mmoja, na mimba yenyewe haijaingia. Mzee mwenye dume, yule yule wa uzao uliopita, amepiga simu: "Mama, mlete Jumatano ijayo." Nimeosha vyombo huku naimba.

Jumatano, 5 Machi

Mwalimu alipiga jioni. Salamu ndefu. Watoto hawajambo, mvua je huko Ngong, mama mzazi anaendeleaje. Nikajua kuna jambo.

Ni Bosco. Mmoja wa vijibwa saba wa Tausi wa uzao uliopita, yule wa utepe wa buluu, aliyewazidi wenzake ukubwa. Ana miezi kumi na minne sasa. Asubuhi hainuki kwa mara moja. Anatanguliza miguu ya mbele, anatulia, ndipo anajivuta. Akikimbia anaitupa ya nyuma yote miwili pamoja, kama sungura. Halafu Mwalimu akaniomba radhi. Mimi! "Labda nimemlea vibaya, mama. Labda ni hii sakafu yetu inateleza."

Nikamwambia aongeze kalsiamu. Yalinitoka mdomoni kabla sijawaza. Ndivyo tunavyosema sisi wafugaji, kila mara.

Usingizi umekataa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeitoa hati ya Tausi kabatini. Karatasi nzito, mhuri, vizazi vinne. Hati ya dume ninayo nakala. Nimeziweka bega kwa bega juu ya meza ya jikoni. Baba wa Tausi na baba wa dume ni mbwa mmoja.

Sikuwa sijui. Nilijua. Nilijivunia hata. Mzee alinieleza mwaka ule kwamba huko ni kukaza damu, ndivyo wenye ujuzi wanavyofanya, jina kubwa likitokea pande zote mbili vijibwa wanatoka na kichwa kile kile, kifua kile kile. Kweli walitoka hivyo. Sikuuliza ni nini kingine kilichokazwa.

Usiku nimesoma kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Watoto wa ndugu wa baba mmoja: asilimia 12.5. Maana yake, ukigusa jeni yoyote ya Bosco, kuna nafasi moja kati ya nane kwamba nakala zake zote mbili ni jeni ile ile moja iliyotoka kwa babu yule yule. Uingereza, tangu 2009, chama chao cha mbwa wa nasaba hakiandikishi vijibwa wa baba na binti, wala wa mama na mwana, wala wa ndugu wa baba na mama mmoja. Ndugu wa upande mmoja hawakuzuiwa. Nilipofika hapo nikapumua. Halafu nikaona aibu kwa kule kupumua.

Kalsiamu nayo. Kijibwa wa mbegu kubwa anayekula chakula chake kamili hahitaji kuongezewa. Ikizidi inaharibu ukuaji wa mifupa. Wote saba waliondoka hapa na kopo la unga wa kalsiamu. Zawadi yangu. Nilifunga na utepe.

Jumamosi, 8 Machi

Nimempeleka Bosco kupigwa picha ya nyonga. Nimelipa mimi. Mwalimu alibisha, nikalipa.

Hakunisahau. Alipiga kelele kwa furaha, akataka kunirukia kama zamani, nyuma ikakataa. Akakaa chini ghafla na kunitazama.

Walimchoma sindano ya usingizi. Wakamlaza chali, miguu ya nyuma wakainyoosha na kuizungusha kidogo ndani, magoti yakatazama juu. Mbwa mkubwa hivyo, amelegea kama nguo iliyoloana. Mizani ilisema kilo 44. Dume wa jamani shepadi anatakiwa awe na 30 hadi 40. Mwalimu akainamisha kichwa. Humpa ugali na supu ya mifupa kila jioni, kwa mapenzi.

Daktari akaonyesha kwa kalamu. Kichwa cha mfupa wa paja ni mchi, nyonga ni kinu. Mchi unatakiwa uzame. Wa Bosco umeegemea ukingoni tu, na ukingo wenyewe umelika, kinu kimebaki kama kisahani. Madaraja ni A mpaka E. Kulia D. Kushoto E.

"Alizaliwa hivi?" Mwalimu akauliza.

Hapana. Wanazaliwa na nyonga zinazoonekana sawa, ulegevu unajitokeza wanapokua. Si jeni moja, ni nyingi kwa pamoja, kisha uzito na lishe na sakafu vinazidisha. Daktari alilisema taratibu, kwa wema, bila kunitazama. Ningependa angenitazama.

Nikamwomba ampige na Tausi, wiki hii hii. Akakataa. Mbwa akiwa kwenye joto viungo vinaweza kulegea, picha ikadanganya. Nirudi baada ya mwezi au zaidi joto likishapita. Kwa hiyo nikitaka kujua, siku za kupandisha zinapita. Nikitaka siku, sitajua.

Jumapili, 9 Machi

Mama alikuja baada ya ibada. Nikamwonyesha picha ya Bosco. Akaivalia miwani, akaitazama sana.

"Mwanangu, watu hawanunui nyonga. Wananunua masikio."

Hakusema kwa ubaya. Anazijua bei za kila kitu nyumbani humu na amelipa baadhi yake. Na ni kweli. Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza nyonga. Masikio yatasimama? Mgongo utateremka vizuri? Weusi wa mgongoni utabaki? Na hati, je, ipo?

Nawaza huyu Max von Stephanitz. 1899, Ujerumani, anamwona Horand na kumfanya mbwa wa kwanza kwenye kitabu cha mbegu hii. Alimtaka mbwa wa kuchunga kondoo kutwa nzima, anayetembea bila kuchoka. Picha za Horand zinaonyesha mgongo ulionyooka tu, mbwa wa kawaida ungemwita. Leo ungemletea mteja wangu mbwa yule angesema amechanganyika.

Jumanne, 11 Machi

Mzee amepiga. Kesho saa tatu, nisichelewe, kuna jike mwingine mchana.

Nikamwuliza kama dume amewahi kupigwa picha ya nyonga.

Kimya. Kisha: "Mama, huyu ana vikombe. Anaruka ukuta. Mbwa mwenye nyonga mbovu ataruka ukuta?"

Nikamwambia anaweza. Wapo wanaobeba ubovu huo miaka bila kuchechemea, huku wanazalishwa. Nikamweleza habari za Bosco. Akasema mwenye Bosco amemnenepesha. Ni kweli pia, hapo ndipo paliponikwamisha. Kila anachosema ni kweli kidogo.

"Basi kesho sitakuja, mzee."

Akaniambia nimesoma sana intaneti. Akakata.

Mikono inatetemeka mpaka sasa. Elfu arobaini za arbuni, nimeshatumia kumi na nane.

Jumatano, 12 Machi

Saa tatu imefika na kupita. Tausi anazunguka lango, analia. Nje madume wa mtaa wamejipanga, watano nimehesabu, koko watupu. Yule mwekundu ana sikio moja. Nimewafukuza mara nne.

Nimewapigia wenye arbuni. Wawili wameelewa. Mmoja ameuliza kama namjua mtu mwingine mwenye vijibwa haraka. Wa nne ameniita tapeli, nami nimemwahidi pesa yake kufikia Ijumaa. Nitakopa kwenye chama.

Alhamisi, 13 Machi

Leo ndiyo kazi yenyewe. Wale saba.

Utepe wa buluu, Bosco. Anajulikana.
Mwekundu: alikufa kwa ugonjwa wa pavo akiwa na miezi mitano. Sikuwahi kuambiwa. Mama yule alilia upya kwenye simu, nami pia.
Kijani: yuko Nakuru, anakimbia vizuri, hawaoni shida. Nimewaomba wampige picha. Watafikiri.
Njano: "Kwa nini unaniambia haya? Watoto wangu wanampenda." Sikuwa na jibu zuri. Nikamwambia kwa sababu hiyo hiyo.
Mweupe: anapanda ngazi kwa shida, walidhani ni uvivu. Nimewapa namba ya daktari.
Zambarau: ameuzwa kwa kampuni ya ulinzi. Analala kwenye saruji, analinda usiku kucha.
Waridi: simu haipatikani.

Kila mmoja nimemwambia hayo hayo: muacheni mwembamba, mbavu zishikike kwa vidole, kalsiamu mtupe, sakafu inayoteleza mtandike mkeka, matembezi mafupi ya kila siku yanafaa kuliko mbio za Jumamosi moja. Sauti imekauka.

Jumanne, 25 Machi

Joto limeisha. Lango kimya. Mwekundu wa sikio moja amebaki, amelala kivulini kama mpangaji. Mvua imeanza.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimerudi na picha ya Tausi.

Nilijiandaa kwa E. Nilijiandaa kiasi kwamba sikusikia mara ya kwanza. Daktari akarudia: B pande zote mbili. Mchi umezama.

Nilicheka kwa sauti mle chumbani. Halafu ndani ya matatu nikaanza hesabu tena, hivi hivi bila kupanga: Septemba, Novemba, Januari. Dume mwingine, asiye na undugu, mwenye picha yake. Mbona inawezekana? Nyonga ni nzuri, ziko kwenye filamu, nimezishika mkononi!

Nilipofika nyumbani nikakuta ujumbe wa wale wa Nakuru. Wa kijani amepigwa picha. D.

Mama ana B, na watoto wawili kati ya wawili waliopigwa wana nyonga mbovu. Labda ni dume. Labda ni dume na Tausi kwa pamoja, kile walichorithi wote wawili kwa baba yao. Picha inaonyesha mfupa wake. Haionyeshi anachobeba. Anachobeba nimeshakiona kikijivuta kwenye sakafu ya Mwalimu.

Jumapili, 27 Aprili

Nitamfunga kizazi. Nimeandika, sasa limeandikwa.

Yuko chini ya meza, amelaza kidevu juu ya mguu wangu. Hajui kama amefaulu au ameshindwa chochote. Nimemkuna nyuma ya masikio, haya mazuri yaliyonilipia mihula miwili.

Hati iko mbele yangu. Upande wa mbele umejaa: baba, babu, baba wa babu, vikombe, nyota. Nimeigeuza. Nyuma ni tupu kabisa, miaka yote hii sijawahi kuigeuza. Nimechora mistari saba kwa rula ya mtoto.

Bosco, D na E. Kijani, D. Mwekundu, amekufa, pavo. Mweupe, picha Jumanne. Njano, bado. Zambarau, nimeomba ruhusa kwa meneja, hajajibu.

Waridi. Nitajaribu tena kesho asubuhi, kabla ya saa mbili, watu wakiwa bado nyumbani.