Saini ya mama watoto

Kabla ya mwaka 2012, mtu wa Bariadi aliyekuwa na shida ya ngazi ya mkoa alipanda basi hadi Shinyanga. Mwaka huo ulipoanzishwa Mkoa wa Simiyu, uliochukua jina la mto, Bariadi ikawa makao makuu. Ofisi zikaja, watumishi wakaja wakitafuta nyumba za kupanga, na mashamba ya pamba pembezoni mwa mji yakaanza kugeuka viwanja. Dalali akawa mtu wa kusalimiwa kwanza.

Katika mtaa mmoja wa pembezoni, mume na mke walikuwa wamejenga nyumba ya vyumba 4. Matofali waliyafyatua wenyewe. Bati zilitoka kwenye pamba: mwaka huu 10, mwaka mwingine, bei ikikaa vizuri, 15. Anayelima pamba anaijua kazi yake: kupanda mvua za Novemba zikianza, kupalilia, kupiga dawa, kisha kuchuma kwenye jua kali. Kuchuma mara nyingi huachiwa mama na watoto. Siku ya mizani, anayekwenda AMCOS ni baba.

Mume alitamani Fuso, abebe pamba kutoka vijijini hadi viwandani. Dalali akamletea mnunuzi wa nyumba, naye akapokea malipo ya awali bila kusema nyumbani. Mke alijua siku aliyorudi kuteka maji akakuta wanaume wawili wanapima uwanja kwa hatua, mmoja akisema jiko livunjwe kwanza.

Hakupiga kelele. Aliwapa viti na maji ya kunywa. Usiku akauliza, "Baba watoto, tunahamia wapi?"

"Gari likianza kazi tutajenga nyingine."

"Na likiharibika?"

Mume akageukia ukutani.

Asubuhi mke alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. "Shikamoo baba." "Marahaba, mayu. Kuna nini?" Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwita na mume. Akawaeleza kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama imeandikwa jina la mmoja. "Bila saini yake," alisema, "mhuri wangu hautagusa karatasi hiyo."

Kijiweni walimcheka mume, wakasema ametawaliwa. Kilichomuuma zaidi ni malipo ya awali: sehemu alikuwa ameshaitumia. Ikabidi auze ng'ombe wawili, na bado hazikutosha. Wiki mbili alikula bila kusema neno. Ndipo mke akaenda kuvunja akiba yake ya kikoba, akaweka fedha mezani na kurudi jikoni. Hakumkumbusha kosa, wala hakuwaambia ndugu zake.

Ndoa nyingi huvunjika hapo hapo, mmoja anapokuwa na haki na anataka kila mtu ajue.

Msimu uliofuata, siku ya mizani, mume alisimama mlangoni na baiskeli iliyofungwa magunia. "Jiandae," alisema, "twende wote." Walikaa chini ya mti wakisubiri zamu yao, wakipigia hesabu pamoja: ada ya shule, saruji, ndama mmoja. Fuso haikuingia kwenye hesabu hiyo. Mke ndiye aliyeikumbusha: "Tuanze kuweka kidogo kidogo, kama tulivyofanya kwa bati."