Ligombo la Babu na Amplifaya ya Laki Tatu na Nusu

Ngoja niseme mwenyewe kabla wenzangu wa bendi hawajaniumbua: ile amplifaya ya kwanza niliichagua mimi. Tulikuwa watano, kila mmoja akatoa 70,000 bumu lilipoingia, jumla laki tatu na nusu. Kwa kuwa mimi ndiye mweka hazina, na ndiye niliyekuwa naongea sana kwenye vikao, nikakabidhiwa hela niende mjini.

Vyombo vyetu vilikuwa kinanda cha okteva tano, gitaa la besi, gitaa la rithimu na maiki moja ya kuimbia. Kazi ya kwanza ilikuwa sendofu ya dada yangu, binti wa mama mkubwa, Kidabaga kule Kilolo. Na Babu alishasema atapiga ligombo. Kwa wasiolijua, ligombo ni chombo cha nyuzi cha sisi Wahehe: ubao uliochimbwa kama mtumbwi mdogo, uzi mmoja mrefu unapitishwa huku na huku juu yake mpaka unakuwa kama nyuzi nyingi. La Babu lina kibuyu cha kukuza sauti. Hicho kibuyu ndiyo amplifaya yake. Kinatosha sebule, ila hakitoshi turubai la watu mia mbili wenye ulanzi kichwani.

Dukani nikaiona: mtumba, nyeusi, haijachubuka, imeandikwa wati 100. Ilikuwa amplifaya ya gitaa. Muuzaji akachomeka gitaa la umeme, akabonyeza kitufe cha kukwaruza sauti, vioo vya kabati vikatetemeka. Aisee, moyo ukaenda.

"Na kinanda je?" nikauliza.

"Jeki ni ileile bosi. Chochote kinaingia."

Hakudanganya, kiliingia.

Tuliazima mixa ndogo ya kwaya, vyombo vyote vikaingia kwenye mixa, mixa ikaingia kwenye amplifaya. Juu ya kibuyu cha ligombo tukabandika pikapu (si gari, ni kile kisahani kidogo cha kunasa mtetemo). Wimbo wa kwanza kinanda kilisikika kama kinapigwa chini ya blanketi. Wa pili tukaongeza sauti. Wa tatu mpiga besi akashuka kwenye ule uzi mnene, spika ikatoa mlio kama turubai linachanika, na kuanzia hapo kila noti ikawa na mkwaruzo.

Babu akaja wa nne. Dada alikuwa ameuomba wimbo ule maalumu, ndio aliokuwa akimpigia tangu yuko shule ya msingi. Sauti haikutoka. Nikapandisha, ikaanza kupiga mluzi. Nikashusha, likabaki linasikika shavuni kwake tu. Watu wakaendelea na maongezi yao. Katikati ya wimbo Babu akasimamisha vidole, akachomoa waya taratibu, akaukunja vizuri, akanipa. "Basi mwanangu, wacha watu wale." DJ akaweka bongofleva. Dada alikuwa anatabasamu ile ya kupigiwa picha.

Niliporudi Iringa nilikwenda kwa fundi mmoja pale Mashine Tatu, spika nimeibeba mkononi kama mtoto mgonjwa. Aliiangalia akacheka, kisha akanifundisha bure kile ambacho ningepaswa kuuliza kabla ya kutoa hela.

Amplifaya ya gitaa haikutengenezwa itoe sauti kama ilivyoingia. Ni sehemu ya gitaa lenyewe. Spika yake kwa makusudi inaanza kukata sauti za juu, kuanzia kama hezi 5,000 hivi, ndiyo maana gitaa la umeme linapendeza bila kuchoma masikio. Ukipitisha kinanda humo, ule mng'ao wa violini na matoazi unabaki ndani. Huku chini nako kuna balaa lake: uzi mnene wa besi unatetemeka mara 41 kwa sekunde, na sauti nzito namna hiyo inataka spika isukume hewa nyingi. Spika ya gitaa haina safari ndefu kiasi hicho. Ukiilazimisha, karatasi inachanika.

Chombo kinachofaa kwa watu kama sisi, wanaotaka kila kitu kipite sehemu moja, ni amplifaya ya kinanda. Kinanda kinashuka chini na kupanda juu sana, kwa hiyo spika yake inaandaliwa kwa ajili ya yote, na kwa kawaida inawekewa twita ya sauti za juu. Halafu huwa ina tundu zaidi ya moja, kila moja na kitufe chake cha sauti, mara nyingi na sehemu ya maiki. Roland wana familia ya KC, Peavey wana KB, Behringer nao wana zao za bei nafuu zaidi. Besi inapita humo ukiipiga kwa adabu. Rithimu inapita, ila bila ule mkwaruzo; mwenye kuutaka anunue pedali.

Kuhusu wati, wadau, tumedanganyika sana. Ukitoka wati 50 kwenda 100 unapata nyongeza ya desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaiona ni ndogo. Ili sauti isikike kama imekuwa maradufu unahitaji nguvu mara kumi hivi. Na zile sabufa zinazoandikwa maelfu ya wati kwenye boksi zinahesabu kitu kinaitwa PMPO, yaani namba ya kufurahisha macho. Namba ya kuuliza ni RMS, ile ambayo mashine inaibeba muda wote.

Tuliuza ile nyeusi, baada ya kutengenezwa, kwa kijana anayepiga roki: 220,000. Tukachanga tena 52,000 kila mmoja, na safari hii nilikwenda na fundi. Vizuri kwamba nilikwenda naye. Tulipewa amplifaya ya kinanda safi kabisa kwa laki tatu, mimi tayari nina hela mkononi, yeye akaigeuza nyuma akasoma kibandiko: volti 120. Imetoka Marekani. Umeme wetu ni 230. Kuichomeka hivihivi ni kuichoma moto, na transfoma ya kushushia ni gharama nyingine na mzigo mwingine wa kupandisha Kilolo. Nilitamani pia zile za betri, maana umeme ukikatika tumekwisha. Roland CUBE Street EX, kwa mfano, inatumia betri nane za kawaida na inatoa wati 50. Bei yake nikaicheka mwenyewe.

Tulichukua ya wati 50, spika ya inchi 10, tundu tatu, kwa 480,000. Si kamilifu. Ligombo lilipoingia moja kwa moja lilikuwa jembamba kama sauti ya kitochi, kwa sababu pikapu ya kubandika ni dhaifu na tundu lile limekusudiwa kinanda. Ilibidi tuazime kisanduku kidogo cha betri ya volti 9, kikae katikati kuipa nguvu. Mluzi nao ulipungua pale tu tulipoiweka spika mbele ya Babu ikitazama watu, badala ya kumpigia mgongoni.

Hayo yalikuwa Desemba, uani kwake Kidabaga, ukungu umeshuka, dada kaja na mumewe. Watu kama thelathini. Niliiweka kwenye 5. Babu akapiga noti mbili, akasimama.

"Punguza."

Nikaweka 4. Akapiga tena, akatikisa kichwa. Nikashusha mpaka 2, karibu na kuzima, kiasi kwamba kibuyu na spika vilikuwa vinasikika sawasawa. Hapo akaangalia wale waliokaa mbali, kule kwenye matofali.

"Nyie, sogezeni viti."

Wakasogeza. Akaanza ule wimbo wa dada, na safari hii akaumaliza.