Swali Nililoliacha Bila Jibu

Miaka kadhaa iliyopita niliketi katika kamati iliyogawa fedha za utafiti chuoni. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili aliomba fedha za kununua unga wa aloi, kemikali na kifaa cha kupimia betri. Alitaka kuboresha elektrodi hasi ya betri za nikeli zinazochajiwa. Mjumbe mmoja akamuuliza: "Utafiti huu unamsaidiaje mkulima?" Kijana akababaika, na ombi lake likakataliwa. Mimi nilielewa alichotaka kusema, lakini nikanyamaza.

Leo nalipa deni la ukimya ule.

Betri za aina hiyo ndizo zilizotumika katika Toyota Prius ilipoingia sokoni Japani mwaka 1997. Elektrodi yake hasi ni aloi inayonyonya hidrojeni kama sifongo. Aloi inayojulikana zaidi ni ya lanthani na nikeli, iliyochunguzwa katika maabara za Philips, Uholanzi, mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa kila atomu moja ya lanthani na tano za nikeli, huhifadhi takribani atomu sita za hidrojeni.

Tatizo liko mlangoni. Unga huo ukikutana na hewa, kila punje hujivika utando wa oksidi. Ndani mna nafasi tele, lakini hidrojeni haiingii kwa urahisi. Tiba mojawapo ni kuuchemsha unga katika myeyuko mzito wa hidroksidi ya potasiamu. Alumini na manganizi zilizo usoni huyeyuka. Nikeli hubaki na kuharakisha mmenyuko. Kiini cha punje hakiguswi, ilhali betri huamka mapema na kutoa umeme kwa kasi zaidi. Tiba ikizidi, huila aloi yenyewe na uwezo wa betri hupungua. Kujua pa kuishia ndiyo elimu yenyewe, nayo haipatikani ila kwa kujaribu na kukosea maabarani.

Nchi yetu ina nikeli Kabanga, wilayani Ngara, na madini adimu Ngualla, mkoani Songwe. Mwaka 1997 ulipita. Mwaka 2017 Bunge likapitisha sheria inayozuia kusafirisha maliasili ghafi nje ya nchi. Naiunga mkono. Hata hivyo, sheria inaweza kuuzuia mzigo bandarini. Haiwezi kumfundisha mtu namna ya kuitibu punje. Tunabishana kuhusu asilimia ya mrabaha kwa kila tani, ilhali sehemu kubwa ya thamani huongezwa baadaye, hata katika tabaka jembamba lisiloonekana kwa macho.

Basi, unamsaidiaje mkulima? Mkulima anayehama kupisha mgodi hulipwa fidia mara moja tu. Mjukuu wake atakuwa mchimbaji, mlinzi wa geti au mtengenezaji wa betri, na jibu hutegemea sana kama kuna mtu nchini aliyewahi kuichemsha punje ile na kupima matokeo yake.

Kijana yule sasa anafanya kazi benki. Fedha alizoomba hazikufikia posho za vikao vyetu vya mwaka ule. Nazijua hesabu hizo kwa sababu posho nami nilisaini.