Kitangari: Mahali pa Kusemea Mawazo

Ukitoka Newala mjini kwa barabara ya Mtama, unafika mahali upepo wa juu unakuacha na joto la bondeni linakupokea. Hapo ndipo Kitangari. Watu wa uwanda wa Makonde wanaijua kwanza kwa maji. Juu kule hakuna mto. Wazee walipanda huko katika karne ya 19 wakikimbia mashambulizi ya Wangoni na wafanyabiashara wa watumwa, wakakubali kiu ili wapate usalama. Wanawake ndio waliolipa gharama: kushuka makorongo alfajiri, kupanda na mtungi kichwani jua likiwa limeshakaza. Tangu miaka ya 1950, maji ya chanzo cha Mitema, katika bonde hili la Kitangari, yanasukumwa kwa mashine hadi vijiji vya juu.

Nilifika msimu wa korosho umepamba moto. Harufu ya mabibo ilikuwa kila mahali, tamu ikielekea uchachu. Chini ya mikorosho wanawake na watoto waliinama wakiokota, wananyonga korosho kutoka kwenye bibo, wanatupa bibo kwenye ndoo na korosho kwenye kiroba. Mabibo mengine hukamuliwa yakawa uraka. Uraka ukipikwa na kukingwa mvuke wake, unapata nipa, pombe kali ambayo kila familia hapa ina kisa chake nayo. Korosho zenyewe zinakwenda chama cha msingi, kutoka hapo ghalani, kisha mnadani, na mkulima anarudi nyumbani kusubiri malipo. Asiyeweza kusubiri ameshauza kwa kangomba miezi kadhaa nyuma, kwa bei ya kutupa, na sasa anaokota korosho ambazo si zake tena.

Nilikuja kutafuta vikundi vya watu wanaosaidiana katika maradhi ya akili: sonona, wasiwasi usioisha, huzuni ya msiba uliokataa kupita. Mtu wa kwanza kumuuliza alikuwa mama mmoja anayeuza chai na mihogo ya kuchemsha karibu na stendi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akasogeza benchi.

“Kikundi cha wagonjwa wa akili? Hapa hakipo, mwanangu. Mtu akichanganyikiwa anapelekwa Ligula, au anapelekwa kwa fundi.”

Ligula ni hospitali ya rufaa ya mkoa, Mtwara mjini, safari ya kutwa kwa asiye na usafiri wake. Fundi ni mganga, na yuko mtaa wa pili. Nikauliza kwa namna nyingine: na mtu ambaye hajachanganyikiwa, ila ana mawazo, hali wala halali, analia akiwa shambani peke yake?

“Huyo,” alisema, “anakuja kwenye kikoba.”

Kikoba chake, kikundi cha kuweka na kukopa, kilikutana alasiri, chini ya mkorosho mkubwa nyuma ya nyumba ya mwenyekiti. Wote walikuwa wanawake, isipokuwa mzee mmoja mwandishi wa daftari. Mikeka miwili ilitandikwa. Katikati liliwekwa sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na wenye funguo walikuwa watu watatu waliokaa mbalimbali, kila mmoja na ufunguo wake umefungwa kwenye pindo la kanga. Kila mwanachama ana namba na huitwa kwa namba. Kabla ya kufuli kufunguliwa, mwenyekiti aliuliza kwa sauti mfuko wa jamii ulibaki na shilingi ngapi kikao kilichopita, na wote wakajibu kwa pamoja bila kutazama daftari. Hapo hakuna wa kudanganywa. Asiyejua kusoma anajua hesabu sawa na mwandishi. Mfuko wa jamii ndio unaotoka mtu akifiwa, akilazwa au akijifungua.

Hesabu za hisa zilikwenda haraka. Ilipofika namba kumi na moja, kimya. Mwenyekiti akarudia. Jirani yake akasema, “Ana mawazo huyo. Wiki ya tatu hatoki ndani.”

Shughuli ikasimama. Hakuna aliyecheka wala kusonya. Walimjadili kwa sauti ya chini, kama watu wanaojua kuwa mada ile ina mwenyewe, na wakachagua wawili wa kwenda kesho yake na sukari na unga. Mmoja alichaguliwa kwa sababu aliwahi kuwa somo wa unyagoni wa binti wa mgonjwa. Wakati wawili hao wanainuka kukunja mkeka, mwenyekiti aliwaita tena akawaambia jambo moja:

“Mkifika, msimwulize deni.”

Nimeibeba kauli hiyo tangu siku ile. Mwenyekiti hakusomea saikolojia, lakini alifahamu kinachomfungia mwenzake ndani. Namba kumi na moja alikopa, akashindwa marejesho, na kikao kile kile ambacho kingemshika mkono ndicho alichokuwa anakikimbia. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema tugeuze vikoba kuwa vikundi vya tiba. Palipo na sanduku pana wadai na wadaiwa, na mdaiwa hawezi kuvua mzigo wa moyo mbele ya anayemdai. Tuchukue kutoka kikoba utaratibu wake: siku maalumu, mahali pamoja, idadi inayojulikana, na asiyefika kutafutwa. Sanduku libaki kwenye kikao kingine.

Nesi mmoja niliyezungumza naye alinieleza kuwa anaowaona zaidi hawaji kwa kusema wana huzuni. Wanakuja na kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio, tumbo kuwaka. Akipima malaria na asiione, akiuliza taratibu, ndipo maneno yanatoka. “Na msimu wa pesa ndio wanazidi,” alisema. “Watu wanadhani shida ni njaa peke yake. Pesa ikiingia, mume anaongeza mke, au anahamia kwenye uraka hadi iishe. Mwanamke aliyepalilia mwaka mzima anabaki kuhesabu magunia aliyoyaokota.” Ana dakika chache kwa kila mgonjwa, na foleni nje. Alichotamani ni pahali pa kumwelekeza mtu baada ya zile dakika: watu kadhaa wenye shida kama yake, wanaokutana kila juma, na mmoja wao amefundishwa kuongoza.

Pahali kama hapo pamewahi kutengenezwa hapa Kusini kwa ugonjwa mwingine. Dawa za kufubaza VVU zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, waliokuwa wakizifuata kliniki walianza kukaa pamoja, kwanza kwenye mabenchi ya kusubiri, baadaye kwenye vikundi vyao wenyewe. Baraza la Taifa la Watu Wanaoishi na VVU, NACOPHA, likaviunganisha vikundi hivyo wilayani kwa jina la konga. Mwanamke mmoja wa kikundi cha namna hiyo, aliyezoea dawa zake miaka mingi, aliniambia kuwa siku hizi wakikutana habari za vidonge zinaisha mapema. Muda mrefu wanaongelea usingizi, watoto, na hofu. Wamekuwa kikundi cha afya ya akili bila mtu kuwapa jina hilo. Zamani nani angekubali kuonekana akiingia kwenye kikao cha wenye VVU? Leo anaingia mchana kweupe.

Kuhusu mafundi, sitaki kuandika kwa dharau. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Stacey Langwick, alifanya utafiti Newala akifuatilia waganga wa jadi pamoja na hospitali, na kitabu chake cha mwaka 2011 kinaonyesha jinsi mgonjwa mmoja na jamaa zake wanavyotembea kati ya pande hizo mbili. Anayepigiwa ngoma ya mashetani hawi peke yake. Ndugu wanakesha naye, majirani wanaitikia nyimbo, na ugomvi wa ukoo uliofichwa unatajwa hadharani. Huo ni msaada, na hospitali zetu bado hazijajua kuutoa. Lakini nimeona pia familia zilizouza korosho za msimu mzima kwa ajili ya ngoma, na mgonjwa akarudi alipokuwa. Ugonjwa wa kusikia sauti, wa kutolala siku nyingi na kukimbia porini, unahitaji dawa, na kila mwezi unaopita bila dawa unamtafuna mtu.

Sonona na majonzi ni habari nyingine, na hapa majirani zetu wametutangulia. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai nchini Uganda, watafiti waliwafundisha wenyeji wasio madaktari, kwa majuma mawili tu, jinsi ya kuongoza vikundi vya watu wenye sonona. Wanawake walikaa na wanawake, wanaume na wanaume. Walikutana mara moja kwa juma, saa moja na nusu, kwa majuma 16. Walizungumzia mambo matatu: vifo vya wapendwa, ugomvi na watu wa karibu, na maisha yaliyobadilika ghafla. Mwishoni, waliobaki na sonona katika vijiji vyenye vikundi walikuwa asilimia 6.5; katika vijiji visivyo na vikundi walikuwa asilimia 54.7. Tangu 2013 shirika la StrongMinds limeendeleza njia hiyo Uganda, na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wake kwa yeyote anayetaka kuutumia.

Nilipomsimulia mwenyekiti wa kikoba habari hizo, hakushangazwa na takwimu. Aliuliza: “Hao viongozi waliwachagua vipi?” Swali la mtu anayejua kazi. Nikamweleza habari za Zimbabwe, ambako daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa Mbare, Harare, walioketi kwenye benchi na kumsikiliza mtu mmoja mmoja, kisha mtu huyo akakaribishwa kwenye kikundi cha wenzake wanaosuka mikoba huku wakiongea. Mpango huo umefika Malawi na Zanzibar. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kutaja wanawake wa Kitangari ambao wangefaa. Karibu wote walikuwa makungwi.

Naona alikuwa sahihi. Kungwi wa unyago amezoea kukaa na watu kwa siku nyingi, kufundisha kwa wimbo na kwa mfano, na kutunza yaliyosemwa ndani. Siri ni kazi yake. Kitu ambacho angehitaji kufundishwa ni kusikiliza bila kuamuru, kwa kuwa unyagoni yeye ndiye mwenye neno, na kikao cha tiba kinamtaka awaache wenye shida waongee. Angehitaji pia kujua dalili zinazozidi uwezo wa kikundi, na nani wa kumpelekea mtu huyo siku hiyo hiyo. Kwa wanaume sina jibu jepesi. Hawana kikoba, na penye uraka maneno yanatoka lakini hayakumbukwi kesho. Labda chama cha msingi, ambako wanakaa saa nyingi wakisubiri mizani. Labda walimu wa Chuo cha Ualimu pale pale Kitangari, ambacho kila mwaka kinapokea vijana waliotoka mbali na kwao.

Kuna kizuizi kimoja ambacho kikundi hakiwezi kukiondoa chenyewe. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Mtu atasemaje mbele ya wenzake kuwa alishawahi kufungua chupa ya dawa ya mikorosho akaitazama? Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu cha namna hiyo nchini mwao kinakiuka katiba. Wabunge wetu wa Kusini, wanaosimama kila mwaka kupigania bei ya korosho, wasimame na kwa hili.

Ombi langu kwa halmashauri na kwa mratibu wa afya ya akili wa wilaya: msingoje mradi wa wafadhili. Chagueni makungwi wachache wa Kitangari, wapeni majuma mawili ya mafunzo kwa mwongozo ambao tayari upo, na nesi mmoja wa kuwasimamia. Na wewe unayesoma ukiwa na mawazo, hulali na umeacha kutoka, nenda kituo cha afya kilicho karibu, na usiseme kichwa peke yake. Sema hulali. Sema tangu lini. Ukiogopa kwenda peke yako, mwombe mtu mmoja akusindikize.