Maumivu Yasiyo na Jeraha

Kidonda kina shahidi, na homa ina kipimo. Lakini yako maradhi ambayo mgonjwa hana cha kuonyesha ila neno lake. Matabibu huyaita fibromialjia. Mwili huuma pande zote kwa miezi 3 au zaidi, usingizi hauburudishi, uchovu hauondoki, na fikira huwa kama zimefunikwa na ukungu. Damu ikipimwa haina neno. Aghalabu wanaopatwa ni wanawake. Mwaka 1990 matabibu wa Marekani waliweka kanuni ya kubonyeza sehemu 18 za mwili, na mgonjwa alitakiwa aumie katika 11. Kanuni yao ya mwaka 2010 iliacha kubonyeza ikaanza kuuliza. Naona waliongoka.

Shangazi yangu wa Itigi aliumwa hivyo miaka mingi. Baadhi ya jamaa walisema ni baridi yabisi, wengine uvivu. Na wenye adabu zaidi walisema ni mawazo. Hata alipopata jina la ugonjwa wake, alipewa na shauri: apumzike, tena afanye mazoezi. Shauri hilo si la uongo. Mwaka 2016 wataalamu wa Ulaya walipopima tiba zote, mazoezi ndiyo yaliyosisitizwa kupita dawa yoyote. Walakini mwanamke aliyekwisha kubeba ndoo ya lita 20 kabla ya jua kuchomoza, akatwanga, akalima, akapura alizeti, aambiwe mazoezi gani? Na akipumzika, nani atasonga ugali?

Heri alitokea muuguzi mmoja, mtu wa maneno machache, aliyemwambia, “Mama, nisimulie siku yako tangu alfajiri mpaka usiku.” Akasikiliza yote. Kisha wakaikata siku ile upya kama fundi akatavyo nguo kwa kimo cha mvaaji. Ndoo ikawa nusu, safari zikawa mbili. Nafaka ikaenda mashineni. Jembe likawekwa chini kabla ya maumivu kuja, si baada yake. Jioni alitembea polepole na jirani yake kando ya reli, kwanza mwendo mfupi, halafu akiongeza kidogo kidogo. Kulala kukawa na saa yake, na kwa baridi ya Juni na Julai, maji ya moto ya kuoga.

Gumu lilikuwa mumewe. Hakuwa mtu mbaya. Hakuona damu wala uvimbe, basi hakuona ugonjwa. Muuguzi alimwambia kwamba mishipa ya fahamu ya mkewe ilikuwa kama ngoma iliyokazwa mno motoni, ambayo ukiigusa kwa kidole huvuma kana kwamba imepigwa kwa fimbo. Mzee yule aliwamba ngoma nyingi ujanani mwake. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza ndoo ya nusu ina lita ngapi.

Shangazi hajapona. Siku mbaya zingaliko, nazo hazipigi hodi. Siku kama hizo huifudikiza ndoo mlangoni, na wa kwanza kuiona huichukua akaenda kisimani, wala haulizi.