Sita ya walzi si sita ya chakacha

Jamani, kama unadhani kuhesabu hadi tatu ni kazi ya watoto wa chekechea, shika banjo ujaribu kupiga walzi. Tutaonana baada ya mwezi!

Mtindo wa banjo alioueneza Earl Scruggs kule Marekani hutumia vidole vitatu vya mkono wa kulia: gumba, cha shahada na cha kati. Vinapokezana nyuzi harakaharaka, na kwenye wimbo wa mapigo manne kila duru hupata noti nane. Mkono ukishazoea nane, hautaki kusikia habari nyingine. Sasa walzi ina mapigo matatu, kwa hiyo noti ni sita. Unapunguza mbili tu, si ndiyo?

Thubutu! Piga gumba, shahada, kati, kisha rudia gumba, shahada, kati. Sita kamili, lakini mtu wa Tanga au Mombasa akisikia ataanza kukata kiuno. Chakacha nayo inakwenda kwa sita, ila inazigawa mafungu mawili ya tatutatu. Walzi inataka mafungu matatu ya mbilimbili. Masikio yetu ya Pwani yanajua sana hiyo ya kwanza, na vidole vitatu vinaipenda kwa sababu vyenyewe ni vitatu.

Dawa iliyonisaidia ni kuacha mbwembwe. Pigo la kwanza, gumba linagusa uzi mnene peke yake. La pili na la tatu, vidole viwili vinavuta nyuzi nyembamba kwa pamoja. Bum, cha, cha. Noti nyingine zinaongezwa baadaye, moja moja. Na ule uzi wa tano, mfupi, unaoanzia katikati ya shingo ya banjo, usiuguse kwanza. Mlio wake ni mkali, ukiingia pasipo pake unavuruga hesabu yote.

Bill Monroe alirekodi "Blue Moon of Kentucky" mwaka 1946 kwa mwendo wa walzi, Scruggs akiwa kwenye banjo. Mwaka 1954 Elvis Presley akaugeuza kuwa wa mapigo manne, na mwaka huohuo Monroe mwenyewe akaurekodi upya: unaanza kwa walzi, halafu unachanganya. Mimi bado niko upande wa ule wa 1946.

Haraka yangu ina sababu. Baba mdogo na mama mdogo wanatimiza miaka 40 ya ndoa mwezi ujao, na wameniomba walzi moja. Goti la mama mdogo halitaki tena mambo ya kasi. Nilipopendekeza rumba ya polepole alikataa: rumba ikipigwa ukumbi mzima utaingia, na yeye anataka wimbo wa kucheza wao wawili tu.

Jana nilikuwa nafanya mazoezi kwa mapigo 90 kwa dakika. Baba mdogo akachungulia mlangoni, akasikiliza kidogo, akasema nipunguze.